Kiongozi na Mwitikiaji Kwenye Kiti Kimoja

Gitaa la stili lenye pedali linadai mikono miwili, miguu miwili na magoti mawili. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi kwa kucha za bandia zilizovikwa vidoleni. Wa kushoto unatelezesha kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi hizo. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali tatu zinazobadili sauti za nyuzi, wa kulia unapandisha na kushusha kikanyagio cha ukubwa wa sauti, na magoti yanasukuma nyenzo zinazoning'inia chini ya gitaa, huku na huku. Macho yana kazi ya kukilinda kile chuma kisipite mstari. Anayekutazama kutoka mbali haoni hata nusu ya hayo. Anaona mtu ameketi, ameinama, kinywa hakina kazi, na swali lake la kwanza huwa: "Sasa mbona huimbi?"

Nimeulizwa hivyo na Wamarekani, na Wakenya wenzangu, na shangazi yangu aliyenipigia simu ya video kutoka Nakuru ili aone "hiyo meza yako ya nyuzi". Swali ni la haki. Mpiga gitaa la kawaida huimba, mpiga kinanda huimba, wapo hata wapiga dramu waimbao. Lakini ingia ukumbi wa dansi hapa Texas uitazame bendi ya country ikiwa jukwaani. Wa fidla atasogea kwenye maiki na kuitikia, wa besi ataitikia, na wa stili mara nyingi atabaki amefunga mdomo. Watu humdhania ana haya. Mimi nimekaa kwenye kile kiti miaka ya kutosha kujua kwamba haya haihusiki.

Kwa aliyelelewa na kwaya ya kanisa, ala hii inaelezeka kwa solfa. Ina nyuzi kumi, na mpangilio wake ulioenea zaidi kutoka Nashville unaitwa E9. Usipokanyaga kitu, nyuzi za katikati zinakupa do, mi na so. Pedali ya kwanza inapandisha so iwe la. Ya pili inapandisha mi iwe fa. Zikanyage zote mbili pamoja: do-mi-so imegeuka do-fa-la, umehama kutoka kordi ya nyumbani hadi kordi ya nne, na mkono wa kushoto haujasogea hata kidogo. Kwenye gitaa langu goti la kushoto likienda upande mmoja linashusha do iwe ti. Utamu wake wote uko njiani, pale sauti moja inapopanda polepole huku jirani yake imesimama palepale haijui lolote.

Kutelezesha chuma juu ya nyuzi kulitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni kijana aliyeitwa Joseph Kekuku. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwatia Wamarekani wazimu wa muziki wa Hawaii, na magitaa hayo yakasambaa. Pedali zilikuja baadaye, na kwa muda zilitumika kubadili mpangilio wa nyuzi kabla ya kupiga. Kisha mwaka 1954 ukatoka wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly". Ndani yake Bud Isaacs alikanyaga pedali wakati uzi bado unalia. Wapiga stili waliosikia kile kilio walihangaika kujifungia pedali kwenye magitaa yao. Kwa maoni yangu hapo ndipo country ilipopata machozi yake.

Taabu ya mwimbaji ilizaliwa mapema zaidi, pale chuma kilipoanza kuteleza. Gitaa la kawaida lina vigingi vya chuma shingoni vinavyokuamulia sauti: bonyeza nyuma ya kigingi, sauti imetoka sawa upende usipende. Stili ina mistari iliyochorwa tu. Chuma kikitangulia mstari kwa unene wa ukucha, sauti imepanda. Kikibaki nyuma, imeshuka. Koo la mwanadamu nalo halina mistari. Kwa hiyo unapoimba huku unapiga stili umewasha vitu viwili ndani ya mwili mmoja, vyote viwili vinaweza kupotea wakati wowote, na mlinzi wa vyote ni sikio lilelile. Na sikio lina upendeleo. Sauti yako mwenyewe inakufikia kupitia mifupa ya kichwa, karibu kuliko spika yoyote. Ukifungua kinywa, sikio linaishughulikia sauti hiyo kwanza, na chuma kinaachwa kizurure.

Nilikulia katika nyumba ambayo Jumapili mchana ilikuwa mali ya Jim Reeves, Skeeter Davis na Charley Pride. Mkenya wa rika langu hahitaji maelezo hapo. Wageni ndio hushangaa wakisikia country imeota mizizi kiasi gani kwetu, hasa huko Bonde la Ufa, ambako mzee mwenye kofia pana na redio ya betri alikuwa anajua habari za Tennessee kuliko za wilaya ya jirani. Baba alikuwa na santuri ya Charley Pride iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Panther Hall, Fort Worth, mwaka 1968. Mpiga stili humo ni Lloyd Green. Mimi sikujua jina lake wala ala yake. Nilijua tu kwamba kila Pride alipovuta pumzi, kulikuwa na kitu kingine kilichoendelea kusema. Miaka mingi baadaye kazi ya kuhudumia wazee ilinileta katika mji huohuo wa Fort Worth, na siku niliyokitambua kile kitu kwa macho, kikiwa na miguu minne ya chuma na mtu amekiinamia, nilijua nitakinunua kabla ya kuuliza bei.

Aliyeniuzia alikuwa fundi mstaafu wa kuchomelea vyuma, aliyepiga kumbi za dansi ujana wake wote hadi baridi yabisi ikamfunga vidole. Gitaa lake lilikuwa Sho-Bud ya mbao, chapa ambayo Buddy Emmons na Shot Jackson waliianzisha Nashville miaka ya 1950. Alikubali bei yangu haraka mno, kisha akatoa sharti. "Nyenzo zake zikikaa bila kuguswa zinakwama," alisema. "Nakuuzia, lakini Jumamosi unakuja hapa, kijana." Nilikuwa na mvi tayari. Hakujali. Nami nikamwita mzee, kwa Kiswahili, na baada ya muda hata mke wake akawa anamwita hivyo.

Nilipomwambia nataka kuimba, alicheka kwa pua. Yeye hakuwahi kuimba jukwaani hata ubeti mmoja. "Mimi nililipwa nimjibu mtu," alisema. "Wewe unataka kujijibu. Basi itabidi uwe watu wawili, na hao wawili wapeane zamu."

Zoezi alilonipa sijaliona kwenye kitabu chochote. Sikuruhusiwa kuimba. Nilipaswa kuongea. Nihamishe kordi kutoka ya kwanza hadi ya nne na kurudi, pole, kwa pedali zile mbili, huku namsimulia nilivyoshinda kazini. Sentensi ya pili tu mguu ulikuwa umesimama. Nikianza kutafuta neno, mguu unasubiri. Tukaendelea hivyo wiki baada ya wiki, hadi siku moja akainua mkono: "Hebu ongea lugha yako." Nikaongea Kiswahili, na mguu ukaenda. Kwa Kiingereza nilikuwa bado nachagua maneno, na yule aliyekuwa anachagua ndani yangu alikuwa anauibia mguu muda. Kwa Kiswahili maneno yalitoka yenyewe. Mzee hakuelewa hata moja, wala hakuwa na haja; alikuwa anausikiliza mguu. Nami nilimwambia mengi zile Jumamosi, mambo ya kwetu, ya marehemu baba, ya pesa, ambayo kwa lugha anayoielewa nisingethubutu.

Nililolipata pale ni kwamba kinywa na mguu havigombani. Kinachogombewa ni mwamuzi, yule mtu mdogo kichwani anayeidhinisha kila hatua. Akiwa bado anahitajika mguuni, hawezi kwenda kinywani. Kwa hiyo mpaka leo wimbo mpya naupiga kimya hadi niweze kuupiga huku nabishana na mtu juu ya mpira. Kabla ya hapo siuimbi, hata nikiombwa vipi.

Halafu kuna mambo ya mwili, ambayo walimu wa sauti hawayajui kwa sababu hawajawahi kukaa pale. Mwimbaji hufundishwa asimame, akite miguu, anyooshe mgongo. Kwenye stili huna mguu wa kukita, yote miwili iko kazini, na ukiinama kutazama nyuzi tumbo linajikunja na pumzi inaishia kifuani. Nilipandisha kiti. Nilijifunza kuegemeza uzito kwenye mifupa ya makalio na kuinama kutoka nyongani, mgongo ukiwa umenyooka. Hilo lilinipa pumzi.

Maiki ilinisumbua zaidi. Ukiiweka mbele, kama ya mwimbaji yeyote, unainua kichwa uifikie, na ukiinua kichwa pembe ya macho inabadilika. Chuma kimeinuka juu ya ubao kwa unene wa nyuzi na zaidi. Ukikitazama kutoka mahali papya unakiona kiko juu ya mstari kumbe kimeupita. Mtu anaimba sawasawa na gitaa linatoka nje ya sauti, na yeye anaapa macho yake yalikuwa mstarini. Kweli yalikuwa. Dawa yake ni stendi yenye mkono mrefu unaoingia kutoka kushoto, maiki ikifuata kinywa pale kilipo unapoinama, badala ya kinywa kuifuata maiki. Spika nayo naiweka nyuma yangu karibu na sikio la kulia, juu kidogo, ili chuma kipate wakili wake mbele ya lile sikio lenye upendeleo. Na naimba kwa sauti ndogo. Anayefoka hawezi kujisikia akipiga.

Mguu wa kulia ndio wenye siri kubwa kuliko yote, ingawa hauonekani. Uzi ukidonolewa unaanza kufifia papo hapo. Mpiga stili anakanyaga taratibu kufidia kile kinachofifia, na ndiyo maana stili inasikika ikivuta pumzi ndefu kuliko ya binadamu. Ukiimba, mguu huo unataka kuifuata sauti yako: ukipaza, nao unakanyaga. Lazima uufundishe kinyume. Kinywa kikipanda, mguu ushuke. Mstari ukiisha, mguu upande kabla kinywa hakijafunga vizuri, ili watu wasisikie mahali mmoja alipoondoka na mwingine alipoingia. Haya niliyaelewa kwa kurudi kwenye ile santuri ya baba. Lloyd Green anapomngojea Pride amalize, ananyamaza au anashikilia sauti nyembamba chini kabisa. Akiingia, anaingia kwenye pumzi ya mwenzake. Watu humsifu kwa alivyopiga; mimi sasa namsikiliza zaidi mahali asipopiga.

Chini ya sauti yangu, basi, naacha nyuzi mbili tu, tena ndefu. Kupiga melodi ileile unayoiimba ni mtego: tofauti ndogo kabisa kati ya koo na chuma inasikika ikitetema, na hakuna pa kuificha. Bora chuma kishike sauti ya pili au ya tatu, kama kwaya. Na hapo stili ina jambo ambalo wanakwaya watalipenda. Wapiga stili wengi huishusha mi kidogo kuliko ilivyo kwenye kinanda, hadi karibu senti 14, senti ikiwa sehemu moja ya mia ya nusu-toni, kwa sababu hapo ndipo kordi inapotulia kabisa. Kwaya nzuri isiyo na kinanda huelekea hukohuko bila kuambiwa. Koo langu, lililolelewa na kwaya, lilipatana na nyuzi hizo mara moja. Ambaye hatujapatana naye hadi leo ni mpiga kinanda wa kanisa letu.

Nimetaja kwaya mara nyingi, na si kwa bahati. Sisi tumezoea wimbo wenye kiongozi na waitikiaji. Kiongozi anarusha mstari, wengine wanaudaka. Stili ya country ilizaliwa katika kazi ya mwitikiaji, na anayetaka kuimba juu yake anakalia viti vyote viwili. Aliyenionyesha jinsi ya kuvikalia hakuwa mtu wa country. Alikuwa Willie Eason wa Philadelphia, aliyejifunza kwa kaka yake Troman, naye Troman alikuwa amefundishwa na mwalimu kutoka Hawaii. Ndugu hao walileta stili ya umeme katika ibada za kanisa la House of God miaka ya 1930, na Willie akaipeleka hata kwenye pembe za barabara. Stili yake ilikuwa ya kupakatwa, haina pedali. Alikuwa anaimba mstari, anauacha kabla haujaisha, na gitaa linamalizia maneno. Walimtangaza kama mwenye gitaa linaloongea. Kanisa hilo limeendelea kulea wapiga stili kizazi baada ya kizazi. Pedali ziliingia humo miaka ya 1970, na Robert Randolph wa New Jersey, aliyetoka humohumo, anaimba na kupiga mbele ya maelfu bila kuonekana anahangaika.

Kwa hiyo wapo wanaoweza. Barbara Mandrell alipiga stili tangu utotoni na akawa mwimbaji mkubwa. Kwenye kipindi chake cha televisheni cha mwaka 1980 hadi 1982 Wamarekani walimwona akifanya yote. Buddy Emmons mwenyewe, ambaye wenzake walimhesabu mkuu wa ala hii, alitoa mwaka 1976 albamu nzima akiimba nyimbo za Bob Wills. Junior Brown alibuni gitaa lenye shingo mbili, ya kawaida na ya stili, lililoundwa mwaka 1985, ili abadilishe katikati ya wimbo huku anaimba amesimama; lakini huyo, niseme ukweli, alikwepa pedali.

Ajabu kuliko wote ni Pete Drake. Yeye aliifanya stili itumie kinywa chake. Sauti ya gitaa ilipelekwa kwenye spika ndogo, ikapita kwenye mpira hadi mdomoni mwake. Akawa anaunda maneno kwa midomo na ulimi bila kutoa sauti ya koo, na maiki mbele yake ikanasa gitaa likitamka. Wimbo wake "Forever" ulivuma mwaka 1964. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni mzimu mpole. Mzee wangu hakuupenda. Alisema mtu akikupa kinywa chake unapaswa kumrudishia.

Hili la zamu lilinifuata kazini bila mimi kuliita. Nahudumia wazee, na baadhi yao kumbukumbu zimewaponyoka. Ukimuuliza mmoja wao kama anataka chai, jibu linaweza kuchukua muda mrefu kufika. Wahudumu wengi, na mimi nikiwa mmoja wao zamani, hujaza ule muda: chai au kahawa, au maji, au baadaye, sawa, baadaye. Yule mzee alikuwa njiani na jibu lake, nasi tumelikanyaga. Siku hizi nauliza mara moja, nashusha mguu wa kulia ambao haupo, nangoja. Majibu hufika zaidi ya unavyodhani. Mengine hayahusu chai kabisa.

Kiswahili, niligundua, kinaifaa stili kuliko Kiingereza. Neno letu la asili huishia kwa irabu. Kinywa kinamalizia kikiwa wazi. Mwimbaji wa Kiingereza mara nyingi anafunga mstari kwa konsonanti, mlango unagongwa, na stili inabidi ifungue mlango mwingine. Kwetu mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kisha irabu ya mwisho inashuka nyepesi. Pale kwenye mkazo ndipo ninapokanyaga pedali, mi ikipanda kwenda fa, na ile irabu ya mwisho naukabidhi uzi. Koo linanyamaza, irabu inaendelea. Nilipompigia mzee hivyo mara ya kwanza alifumba macho, akasema polepole, kana kwamba ananipimia: "Tena." Nikapiga tena.

Nikaona niko tayari kwa watu wetu. Kulikuwa na mchango wa kusafirisha mwili wa ndugu mmoja kwenda kuzikwa nyumbani, jambo ambalo jumuiya yetu hapa inalijua vizuri mno, na nikaombwa wimbo. Nikachagua mmoja wa Tenzi za Rohoni ambao kila mtu ukumbini aliujua tangu shule ya Jumapili. Nikaimba mstari wa kwanza, nikaachia maneno ya mwisho ili gitaa limalizie kwa namna ya Willie Eason. Gitaa halikupata nafasi. Ukumbi mzima uliyadaka maneno hayo na kuyaimba, sauti nne, besi zikiwa zimejaa kweli kweli. Mstari wa pili hivyohivyo. Nikakiacha chuma kishike kordi tu, mguu wa kulia karibu sakafuni, nikawafuata wao.

Baadaye mama mmoja mwenye umri wa mama yangu alinijia na sahani ya pilau. "Pole, mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, ili nisiaibike mbele za watu. "Naona maneno yalikuwa yanakupotea. Lakini usijali, tulikushikilia."

"Asante sana, mama," nilisema. Sikumweleza habari za Philadelphia.

Nilimsimulia mzee Jumamosi iliyofuata. Alitaka kujua kama Wamarekani waliokuwepo nao walidaka. Walikuwepo wachache, marafiki wa marehemu kazini, nao walikaa kimya wakisikiliza, kwa heshima, wakingoja nimalize. Akatikisa kichwa. Katika kumbi alizopiga yeye, nafasi aliyoiacha mwimbaji ilikuwa yake peke yake, hakuna aliyeigusa. Watu walikuwa wanacheza. Hakuwahi kufikiria kwamba kuna mahali ambapo ukiacha nafasi anaingia kila mtu. Alikaa akisugua vidole vyake. Kisha akanifundisha kitu kipya kabisa, jinsi ya kushika kordi moja hata dakika nzima isisikike kama imekufa: kudonoa upya uzi mmoja mmoja mguu ukiwa umeinuliwa, kisha kukanyaga baada ya mdonoo kupita, ili sikio lisijue uzi ulipoguswa. Alisema alikuwa anaitumia mbinu hiyo kwenye mazishi ya Wabaptisti miaka ya 1960, akaisahau kwa kukosa pa kuitumia.

Sasa nina makundi mawili ya nyimbo. Za polepole, za kanisani na za kwetu, naimba mwenyewe na nafasi zake naacha wazi. Ukumbi ukiingia, gitaa linakaa chini; asipoingia mtu, gitaa linasema. Za haraka, zile za dansi zenye mizunguko ya vidole ambayo lazima uzime kila uzi kwa kiganja kabla ya kugusa mwingine, siimbi, na sitaimba. Kiganja hicho kinamtaka yule mwamuzi wa kichwani muda wote, na sina wa akiba. Hizo anaimba binti wa dada yangu, ambaye anasomea uuguzi hapa na ana sauti kubwa kuliko umbo lake. Lalamiko lake ni moja tu: anasema namjibu mapema mno, kabla hajamaliza. Nimesogeza kiti changu ili nione mabega yake anapovuta pumzi.